Zamu ya Selpher

Niseme ukweli kwanza, msije mkanidhania mtakatifu: siku ile tulipomnyima Selpher zamu yake ya chama, mimi nilikaa kitako nikala kuku. Nilikula paja, nikaongeza na mchuzi. Kila ninapoikumbuka habari hii naona kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho najionea mwenyewe. Lakini wenzangu kumi nao walikula, na wengine walifunga vipande kwenye karatasi wakawapelekee watoto, kwa hiyo sitajitwika mzigo huu peke yangu.

Chama chetu kilikuwa cha wake wa mlango mmoja. Waume zetu ni wa babu mmoja kule magharibi, na sisi tuliowafuata Nairobi tuliona afadhali tushikane mikono. Tulikuwa wanawake kumi na wawili. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tulikutana nyumbani kwa mwenye zamu. Wale wengine kumi na mmoja walitoa elfu tatu kila mmoja, na mwenye zamu akabeba elfu thelathini na tatu kwa mkupuo. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kupika tu. Mwenyekiti alikuwa Mama Wycliffe, mke wa kaka yao mkubwa, mwanamke wa sauti tamu ya kwaya na roho ya mtoza ushuru. Katibu alikuwa Selpher, mke wa Clifford, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Janice kwa jina la bintiye wa pekee.

Selpher alikuwa opereta wa simu katika kampuni moja Westlands. Alivaa sketi iliyopigwa pasi hata siku ya kufua, na alipenda utaratibu hadi akatukera. Ukichelewa mkutanoni alikutoza shilingi hamsini, uwe nani uwe nani. Mimi aliwahi kunitoza nikitoka matangani, bado nina vumbi miguuni. Kitabu cha chama alikiandika mwenyewe kwa mwandiko wa kupendeza, tarehe kwa wino mwekundu, na hakuna aliyethubutu kukigusa kabla hajafuta mikono.

Nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka wa 2003 Haron, shemeji yetu, alimwacha mkewe Wamucii miezi miwili kabla ya zamu yake. Tukajiuliza pesa zile tumpe nani. Selpher ndiye aliyetupatia jibu. Alisema zamu ni ya nyumba, si ya mtu, na anayetoka katika nyumba huiacha zamu humo humo. Akaiandika kuwa kanuni ya saba, tukapiga makofi. Wamucii alikuwa Mkikuyu, hakuwa na dada wala binamu kati yetu wa kumtetea, na Haron akazipokea pesa akazinywa zote. Sikumbuki mmoja wetu aliyekosa usingizi kwa hilo.

Mwaka wa 2006 tulianza mzunguko mpya mwezi wa Aprili. Tulipopiga kura, Selpher alipata Juni, mimi nikapata Februari ya mwaka uliofuata. Basi mwezi wa Mei mume wangu, Shem, ambaye ni fundi wa rangi, alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Hospitali ikasema hatoki kitandani hadi bili ilipwe, na kila siku aliyolala pale bili ikazidi kunona. Nilimwendea Selpher nyumbani kwake Muthangari, ambako Clifford alikuwa msimamizi wa nyumba za kupanga na aliishi humo bila kulipa kodi. Nilimkuta akikuna nazi.

"Mama Janice, nipe Juni yako," nilimwambia. "Wewe uchukue Februari yangu. Shem ataozea kule."

Hakunizungusha. Aliinuka kwenye mbuzi ya nazi, akafuta mikono, akaleta kitabu.

"Hata Februari ni poa," alisema. "Janice atakuwa anaingia Fomu Wani. Si ni sawa tu?"

Akaandika mabadiliko yale mbele yangu, tukatia sahihi sote wawili. Mwezi wa Juni nikabeba elfu thelathini na tatu, Shem akatoka hospitalini kwa mkongojo. Hayo yashikeni vizuri, kwa sababu wengi wetu baadaye tulijifanya kuyasahau.

Mwezi wa Agosti Clifford akamleta Joyline. Msichana wa miaka ishirini na minne, alikuwa akisuka nywele katika saluni moja hapo jirani, na tayari alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana. Clifford hakupiga mtu wala hakupiga kelele. Alimwambia Selpher kwa upole wa kasisi kwamba nyumba ile ni ya kazi yake, kwa hiyo mwenye kuhama si yeye. Selpher akatoka na binti yake, masanduku mawili na redio. Sahani, sufuria, makochi na pazia alivyonunua kwa mshahara wake vilibaki kumpokea Joyline.

Haikuishia hapo. Mwezi wa Oktoba watu wa mlango walisafiri hadi kwa babake Selpher kudai ng'ombe wa mahari. Clifford alikuwa ametoa sita. Wazee wakakaa, wakahesabu, wakasema wanne wabaki kwa ajili ya Janice na wawili warudi. Mzee wa watu alikuwa na ng'ombe mmoja zizini. Wa pili ilibidi akope pesa amnunue. Shem wangu naye alikuwa katika msafara huo, na mkongojo wake, mtu ambaye alikuwa ametolewa hospitalini kwa zamu ya mwanamke huyo huyo. Aliporudi nilimuuliza mambo yalikwendaje.

"Walitukaribisha vizuri," alisema. "Kulikuwa na samaki."

Nilitaka kumrushia kikombe. Nikamwongeza chai badala yake.

Lililonichefua zaidi ni hesabu yao ya mtoto. Kwa kuwa ng'ombe wanne walibaki, Clifford alitangaza kwamba Janice ni wa ukoo, na siku ya kuolewa mahari itakuja kwake. Sawa. Lakini mtoto huyo wa ukoo alilala kwa mamake, akala kwa mamake, akaugua malaria kwa mamake. Aliombwa karo, Clifford akasema Joyline yuko karibu kujifungua na mkono wake ni mfupi. Mahari ya miaka kumi ijayo mkono wake ulikuwa mrefu wa kutosha kuifikia.

Selpher alipanga chumba kimoja nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, si mbali na pale ninapouza mitumba ya watoto. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilimkuta amebandika karatasi ukutani. Ilikuwa mgongo wa kalenda kubwa ya kampuni yao, na juu yake ameandika bajeti. Katibu ni katibu tu, hata akiachwa.

Alinisomea kama anayesoma ripoti. Mshahara, baada ya makato, elfu kumi na tano na mia mbili. Kodi elfu nne na mia tano. Chakula elfu tatu na mia nane. Nauli elfu moja na mia nne, ambayo alikuwa ameipunguza kwa kutembea jioni kutoka Westlands. Maji na mafuta ya taa mia nne. Chama elfu tatu. Halafu kulikuwa na mstari uliosema "Baba", elfu moja na mia tano kila mwezi, za kulipa yule ng'ombe wa mkopo. Nilipiga hesabu kichwani nikaona anabakiwa na mia sita za sabuni, ugonjwa, sadaka na maafa yote ya dunia.

"Sasa hii chama si uiachilie kidogo?" nilimuuliza. "Elfu tatu ni mingi kwa mtu ako peke yake."

"Niachilie aje na ndiyo itapeleka Janice shule?" alisema. "Nimeshatoa Aprili mpaka leo. Imebaki miezi tatu nishike yangu. Tutakula sukuma, Phoebe. Sukuma haijaua mtu."

Mama Wycliffe alikuwa amemwambia asije mikutanoni kwa muda, mambo yapoe. Kwa hiyo Novemba, Desemba na Januari alinipa mimi bahasha. Niliipeleka kila mara, na kila mara Mama Wycliffe aliifungua, akalamba kidole, akahesabu noti tatu, akatia kwenye kibeti. Ng'ombe walikuwa wamesharudi. Hakuna aliyesema hizi ni pesa za mtu baki, zirudishwe. Yeye aliachwa, lakini pesa zake hazikuachwa.

Matokeo ya mtihani yakatoka. Janice alipata alama mia tatu sabini na moja, akaitwa shule ya bweni ya wasichana huko Limuru. Selpher alikuja mbio kibandani kwangu na ile barua, akaniinua juu na uzito wangu huu. Karo ya muhula wa kwanza, sare, sanduku, godoro, vitabu na mabuti ya mpira, vyote pamoja elfu thelathini na mbili na mia tano. Ukitoa katika zamu yake ya Februari zinabaki mia tano kamili za nauli ya kumpeleka. Alikuwa amefurahi kama yeye ndiye aliyepasi mtihani. Tangu aondoke Muthangari sikuwa nimemwona akicheka hivyo.

Wiki moja kabla ya mkutano Mama Wycliffe alifika kibandani pangu. Alichagua sweta ya mtoto, akaivutavuta shingo, kisha akasema bila kunitazama:

"Jumapili tutakuwa Muthangari. Kwa Clifford."

"Si zamu ni ya Mama Janice? Yeye anakaa hapa tu nyuma."

"Mama Janice ni nani wa mlango, Phoebe? Ng'ombe si walirudi? Wewe bwanako alikuwa huko. Zamu ni ya nyumba, na nyumba iko na mwenyewe."

Halafu akaniomba nimpunguzie bei ya sweta, nami nikampunguzia.

Nilikuwa na siku saba za kumwambia Selpher. Nilimwona Jumatatu, nikamwona Jumatano, akanieleza kwamba amelipia kuku wawili kwa Kilonzo wa buchari na jirani atamwazima viti. Nilisema vizuri. Ijumaa akaniuliza mtakuja saa ngapi. Sikuweza kumwangalia usoni. Nikamwambia wamesema tukutane kwa Clifford. Alihamishia mfuko wake wa sukuma mkono wa pili, akaenda zake. Hakuniuliza nimejua tangu lini, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikika usoni mwangu.

Jumapili alikuja. Alivaa nguo zake za kazini, na Janice hakuwa naye. Sisi tulikuwa tumeshakaa kwenye makochi yake, tumeshika sahani zake zile za maua ya buluu. Joyline, na tumbo lake, alikuwa akizunguka na jagi la maji ya kunawa. Alipomwona Selpher mlangoni alisimama, maji yakamwagika kwenye zulia.

"Karibu, Mama Janice," alisema Mama Wycliffe, kama kwamba amemwalika yeye. "Utakula?"

"Sikukuja kula. Nimekuja kuchukua zamu yangu."

"Kaa kwanza, mama."

"Nitasimama tu. Nimelipa miezi kumi, na hii tarehe iko kwa kitabu. Mtoto anaripoti shule Jumatatu ijayo. Nipeeni pesa yangu niende."

Mama Wycliffe hakupandisha sauti. Watu kama yeye hawana haja ya kupandisha sauti. Aliomba kitabu, ambacho tangu Agosti alikuwa amejikalia nacho, akakifungua mahali alipokuwa ameshaweka alama, akampa Selpher mwenyewe asome. Kanuni ya saba, wino mwekundu, mwandiko wa kupendeza.

"Soma tusikie," alisema. "Hiyo ni mkono ya nani?"

Selpher alisoma kimya. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, na mwingine akacheka kwa pua.

"Ni mkono wangu," alisema. "Wamucii tulimkosea. Mimi ndiye nilianza. Lakini Wamucii alilipa mpaka siku aliachwa, mimi mmekula pesa yangu miezi tatu baada ya ng'ombe kurudi. Hiyo iko kanuni gani?"

Mama mmoja aliuliza kama chumvi iko. Hapo Selpher akageuka, akaniangalia mimi.

"Phoebe. Waambie. Juni ilikuwa ya nani?"

Sebule nzima ikanigeukia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo nilikuwa nalo mdomoni. Kama angechukua Juni yake, angeipata akiwa bado mke wa mtu, na leo sote tusingekuwa hapa. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Lakini niliona macho ya Mama Wycliffe, nikamwona Shem atakavyonuna nyumbani, nikawaza mzunguko mpya unaanza Aprili na mimi naitaka namba ya mapema.

"Mama Janice," nilisema, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini kitabu ndio inasema."

Alinitazama vile mtu anavyotazama kitu alichokanyaga njiani. Akakiweka kitabu mezani taratibu, karibu na sufuria, akatoka. Joyline akapewa bahasha. Alipiga magoti kidogo akaipokea kwa mikono miwili, tukapiga vigelegele, na chakula kikapakuliwa. Nimeshawaambia nilichokula.

Siku ya kuripoti shule ilipita. Selpher alikwenda Limuru na elfu nne alizokopa kazini, akarudi nazo, kwa maana mwalimu mkuu alimwambia nafasi haishikiliwi kwa elfu nne. Baada ya wiki mbili nafasi ya Janice ikapewa mtoto mwingine. Mimi hayo niliyasikia kwa muuza mboga. Mtu tuliyekuwa tukikaa hatua mia mbili kutoka kwake, nilijifunza kupita njia ya nyuma.

Mwezi wa Machi ulikuwa wa mwisho, na zamu ilikuwa ya Mama Wycliffe mwenyewe. Ndipo mambo yakapinda. Joyline alikuwa amejifungua, na Clifford alipotumiwa ujumbe wa kuleta elfu tatu za nyumba yake alijibu kwamba yeye hajawahi kuingia chama cha wanawake. Zile thelathini na tatu walikuwa wamenunulia televisheni. Unadhani Mama Wycliffe alikwenda Muthangari kugombana na shemeji yake? Hata. Alifungua kitabu, akagundua kwamba jina lililoandikwa Aprili ni la Selpher, na kwamba aliyeanza mzunguko hana budi kuumaliza. Zamu ilikuwa ya nyumba, lakini deni, ghafla, likawa la mtu.

Na bado, aliponiambia, "Wewe ndio rafiki yake, enda umuulize vizuri," nilikwenda.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nje ya chumba nilimkuta Janice ameinamia beseni, mikono imejaa povu, anafua mashuka ya watu wa nyumba ya mbele kwa malipo. Msichana wa alama mia tatu sabini na moja. "Shikamoo, aunti," aliniambia, akaendelea kufua. Ndani Selpher alikuwa akipiga pasi. Kwenye leso niliyoifunga kiunoni nilikuwa nimebeba elfu tatu yangu mwenyewe, mauzo ya wiki. Nilikuwa nimejiapiza njiani kwamba nitamwachia hiyo, nimwombe msamaha, mambo ya Mama Wycliffe yajipe. Lakini mdomo ukaanza na uliyotumwa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akabandua ile kalenda ukutani, akaitandika juu ya meza ya pasi mbele yangu. Mstari wa chama alikuwa ameukata. Mahali pake palikuwa na mkopo wa kazini.

"Nionyeshe," alisema. "Wewe unajua bajeti yangu. Nikate wapi nilipe Mama Wycliffe?"

"Mama Janice, usikasirike..."

"Sijakasirika. Weka kidole."

Sijui ni shetani gani aliyeuinua mkono wangu. Labda ni uoga, labda ni mazoea ya kutii. Kidole changu kilishuka kwenye ile karatasi kikatua kwenye mstari ulioandikwa "Baba".

"Si mzee anaweza ngojea mwezi moja?" nilisema.

Selpher akacheka. Kicheko kikavu, kifupi.

"Ng'ombe mlikuja mkachukua. Sasa mnataka na deni ya ng'ombe. Enda nyumbani, Phoebe."

Niliondoka na elfu tatu zangu kiunoni. Sikuweza kuzitoa tena. Ningezitoaje baada ya kidole kile?

Kesho yake, kwa Mama Wycliffe, nilihesabu elfu sita mezani. Nikasema tatu ni zangu na tatu ni za Mama Janice. Sikuwa nimepanga. Nilipoulizwa tu, "Ametoa?" nilisikia sauti yangu ikijibu ametoa. Mama Wycliffe akainua noti zile juu wote wazione.

"Si niliwaambia? Mwenye kosa hujijua."

Wakapiga makofi. Mnajua kinachonitia kichefuchefu? Nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya wema wa siri, ule unaohubiriwa kanisani, mkono wa kushoto usijue. Usiku huo nilimweleza Shem, naye, ambaye kwa kawaida shilingi ikinitoka huumwa tumbo, aliniambia nimetenda jambo la busara. Hapo ningepaswa kushtuka.

Wema wangu wa siri ulikaa siku tatu. Jumatano jioni Selpher alikuja kibandani, viatu vya kazini vimejaa vumbi la kutembea. Nilikuwa na wateja wawili.

"Nasikia nimelipa," alisema.

"Mama Janice, nilikuwa nataka kukusaidia. Hata usinirudishie."

"Nikurudishie? Mji mzima unasema nimekubali makosa. Clifford amenipigia simu kazini kunicheka. Umelipa deni ambalo sidaiwi, Phoebe. Ile nakudai wewe, je?"

"Unanidai nini? Sikuwahi kukopa..."

"Juni. Nilikupa Juni, bwanako akatoka hospitali. Kitabu inasema zamu ni ya nyumba, sawa. Lakini Juni sikupea nyumba ya Shem, nilipea wewe. Mtoto wangu anafua mashuka ya watu."

Mteja mmoja akarudisha kaptula aliyokuwa akiitazama, akaondoka. Mimi niliinama nikaanza kupanga nguo zilizokuwa zimepangika. Alikuwa ametaja kitu ambacho kwa mwezi mzima nilikuwa nikikizungushia ua nisikione.

Jumamosi hiyo nilimpelekea elfu moja. Shem aliposikia alisema nimerogwa, kitabu kilishaamua. Nikamwambia kitabu kimlipie yeye hospitali siku nyingine akianguka. Mzunguko wa Aprili sikuingia. Nililipa kila Jumamosi, wiki mbaya mia tano, wiki nzuri, nazo zilikuwa chache, elfu na mia mbili, na ilinichukua zaidi ya mwaka kuzifikisha thelathini na tatu. Janice hakwenda tena Limuru. Muhula wa pili alianza kidato cha kwanza katika shule ya kutwa, darasa la watoto sabini, na pesa zangu zilikuwa zikifika zikiwa zimechelewa kwa kila kitu zilichotakiwa kununua.

Selpher alizipokea mlangoni. Alizihesabu mbele yangu, akaniandikia karatasi ndogo yenye tarehe na salio, akaingia ndani. Katika mwaka ule wote hakuniambia asante hata mara moja, wala hakuwa na sababu ya kusema. Na mimi, Mungu anisamehe, kila Jumamosi nilisimama kidogo pale mlangoni nikiingoja.